Pale Mkono Usipofika

Kuna mahali mgongoni pangu,
chini kidogo ya bega la kushoto,
mkono wangu haupafiki.
Nimejaribu kwa juu, nimejaribu kwa chini,
nimejaribu kwa mwiko wa ugali
na kwa kizingiti cha mlango, kama ng'ombe.
Ambakisye alipajua bila kuambiwa.
Miaka thelathini na mmoja, jioni, karai na maji ya moto,
alianzia palepale
huku akilalamikia bei ya chai.

Alipokufa nilishikwa na watu mia.
Tukuyu nzima ilinishika:
mabegani, viganjani, kiunoni nilipolegea.
Wanawake wa kwaya walinilaza mapajani kwa zamu,
mtu nisiyemjua alinifuta kamasi kwa khanga yake.
Kisha tukaanua matanga,
sufuria zikarudi kwa wenyewe,
na mikono nayo ikarudi kwa wenyewe.

Tangu hapo ni mtu wa kusalimiwa kwa mbali.
Mchungaji mlangoni hunipa vidole vinne, haraka,
foleni nyuma yangu ni ndefu.
Karani wa mizani hupokea kikapu, si mkono.
Mvua ya Rungwe hunigusa kuliko watu:
huingia kwenye ukosi, huteremka,
hupafikia pale, ya baridi,
ikapita bila neno.

Nikuambie jambo la aibu?
Mwezi wa sita nilikwenda kwa fundi Asajile
nikashonesha gauni nisilolihitaji.
Alizungusha utepe kifuani, akataja namba,
akazungusha kiunoni, akataja namba,
akanigeuza kwa ncha za vidole viwili, taratibu,
kama mtu anayegeuza kitumbua kisichanike.
Nilisahau kupumua.
Wiki iliyofuata nilirudi, nikasema limenibana.
Halikunibana.
Akapima upya. Sijui kama alijua.
Namba zilikuwa zilezile.

Usiku ule niliwasha taa, nikavua vyote,
nikautazama mwili huu
kama mgeni aliyekaa sebuleni siku nyingi
bila kupewa hata maji.
Tumbo na michirizi ya watoto wanne.
Magoti yaliyopanda miteremko kabla ya jua.
Nikayashika. Nikasema, poleni.
Zaidi ya hapo sikuwa na la kusema,
na mikono yangu yenyewe ilikuwa na baridi.

Wanasema kinyozi hajinyoi.
Walijali kichwa tu, hao waliosema.

Jana Tusekile alikuja kuomba chumvi, mvua ikamfungia ndani.
Mjane kama mimi, ila yeye hacheleweshi maneno.
Akanikuta najisugua kizingitini.
"Wewe ni nguruwe?" akauliza. "Hebu vua."
Nikasitasita.
"Vua, nimesema, sina siku nzima."
Alikuwa nayo. Nje maji yalikuwa yanabeba mawe.

Akachukua parachichi kwenye kapu,
lile walilolikataa wanunuzi kwa kovu dogo la ganda,
akalipasua kwa kidole gumba, akaliponda kiganjani,
akanipaka.
Viganja vyake vilikuwa vimekwaruzwa na majani ya chai
hadi vikawa kama ulimi wa paka.
Alinipaka kama anayekandika ukuta, bila haya, kwa nguvu,
huku akimsema mkwewe.
"Hapa?"
"Chini kidogo."
"Hapa?"
Sikujibu.
Mabega yalijibu: yalishuka yenyewe,
yakashuka tena nilipodhani yamefika.
Naye akanyamaza,
akaukalisha mkono palepale, wote,
wala hakuwa anasugua tena.
Sikulia. Au nililia,
bati lilikuwa na kelele.

Mvua ilipokatika aliondoka na chumvi akaisahau.
Ipo mezani, imefungwa kwenye gazeti.
Sijampelekea.
Leo nimebonyeza parachichi moja moja kapuni,
nikapata lililolainika vizuri, nikaliweka kando ya chumvi.

Tusekile naye ana mgongo.